Swichi Niliyosema Imepona

Nyumba yenye geti la bati la kijani,
Mtaa wa nyuma ya ghala la saruji.
Jumapili, tarehe kumi na nne, mwezi wa sita.

Mpendwa shemeji yangu,

Salamu zangu zitangulie, habari zitafuata. Hujambo huko uliko? Mkeo hajambo, na wale mapacha wanazidi kurefuka? Na mgongo wako uliokuwa unakusumbua kwenye kazi ya kupakia makontena, umetulia? Namwomba Mungu barua hii ikukute umekaa, usiwe umesimama.

Mimi ni mzima wa kusimama na kutembea. Goti la kushoto linalia nikiinama, lakini meno yangu yapo yote isipokuwa mawili, na wenzangu wa rika langu hapa mtaani wanatafunia ufizi. Sijisifu, nakueleza hali. Paa la nyumba halivuji hata tone, nimelipaka lami mwenyewe mwezi uliopita, na majirani waliokuja kutazama nianguke wameondoka bila habari.

Mwandiko huu utaushangaa. Barua zote ulizowahi kupata kutoka kwangu, hata ile ndefu ya kukugombeza kwa kuoa bila kuniuliza, aliandika dada yako. Mimi nilikuwa nakaa kwenye kiti nasema, yeye anaandika, na najua sasa kwamba alikuwa ananipunguza makali. Nikisema mwambie ni mjinga, yeye anaandika anakusalimu sana. Shule niliiacha darasa la tatu, herufi zilizobaki nimezimalizia kwenye maboksi ya vipuri. Lakini hii nimeamua niiandike mwenyewe. Imenichukua siku nne na karatasi tisa. Binti yetu alitaka kunisaidia nikamkatalia, wala sikumwambia ni ya nini.

Sasa nije kwenye barua yako ya mwisho. Alinisomea yeye, binti yetu, Jumatatu, tumekaa mezani. Alifika katikati akashindwa, akainuka kwenda kunawa uso, akarudi akamalizia. Umeandika kwamba dawa za presha za dada yako ulichelewa kuzituma wiki tatu kwa sababu mlikuwa mnahama nyumba, na kwamba hizo wiki tatu ndizo zilizomuua. Umeandika siku nyingine kazini hufiki, unakaa kwenye benchi la stesheni mpaka saa za kazi zipite. Umeandika kwamba nyumbani hutakuja tena, kwa sababu huna uso wa kuwatazama watoto wa dada yako.

Shemeji, hukumuua wewe. Ni mimi.

Nimeiandika hiyo mistari miwili mapema ili nikichoka au mkono ukigoma, iwe tayari imeshaandikwa. Sasa nikueleze, na unisome mpaka mwisho hata kama utataka kuichana.

Kwanza dawa. Dawa hazikuwa zimeisha. Alikuwa na karatasi nzima ya vidonge kwenye droo ya kabati na nyingine ameifungua, vimebaki vinane. Nimekuwekea zote mbili humu ndani ya bahasha, uzihesabu kwa vidole vyako. Siku tatu kabla hajafariki alikwenda kliniki, nesi akampima akamwambia mama, presha yako nzuri kuliko ya kwangu. Alirudi nyumbani anatamba nayo siku nzima. Hata mimi nikamwambia inatosha, tumesikia, una presha ya msichana. Kwa hiyo hilo la dawa liondoe kichwani. Halikuwepo.

Unajua mimi kazi yangu. Miaka thelathini na nane nimefunga nyaya za malori. Dereva lori likimzimikia popote, alikuwa anasema niitieni kwanza Daktari, na Daktari nilikuwa mimi. Nilikuwa nikitaka kujua betri ina moto kiasi gani naishika kwa vidole viwili, kidole hiki huku na hiki huku, na nacheka. Fyuzi ikikatika safarini nilikuwa naifunga kwa karatasi ya sigara ile inayong'aa, lori linafika linakokwenda. Hayo ndiyo niliyoyajua kuhusu umeme na niliyajua kuliko mtu yeyote, na hapo ndipo ubaya ulipoingilia. Nilidhani umeme ni umeme.

Miaka miwili iliyopita binti yetu alileta fundi wa umeme wa nyumba. Ni mwanamke, kijana, watu wanamwita Koleo kwa sababu anatembea na koleo kiunoni kama askari na bastola. Alifunga swichi ya usalama kwenye kile kisanduku cha umeme kilicho ukutani mlango wa kuingilia jikoni. Akatueleza, mimi nimekunja mikono, dada yako anasikiliza. Alisema swichi hii inapima umeme unaotoka na umeme unaorudi. Ukirudi pungufu, hata kidogo sana, maana yake unapenya mahali pasipopaswa, pengine kwenye mwili wa mtu, na hapo swichi inaanguka na kuzima nyumba nzima kabla moyo haujamaliza kupiga mara moja. Ina kitufe kidogo chenye herufi T. Akasema kila mwezi mkibonyeze. Swichi ikianguka, ni nzima, inueni mwendelee. Isipoanguka, niiteni siku hiyohiyo.

Mimi kile kitu sikukipenda tangu siku ya kwanza. Dada yako alikuwa anakibonyeza kila tarehe moja, hakosi, na anaweka alama ndogo kwenye kalenda. Redio inakatika mimi nasikiliza. Nikaipa ile swichi jina, nikawa naiita Mwoga. Kila mgeni akija namwonyesha, namwambia yule pale juu ni Mwoga, akisikia kikohozi anaanguka. Watu walikuwa wanacheka sana. Dada yako naye alikuwa anacheka.

Mwezi wa kumi na mbili, mvua zilipokaza, Mwoga akaanza kuanguka mwenyewe. Asubuhi, mchana, tunainua, inaanguka. Unalikumbuka lile friji letu kuukuu, lile la mpini wa chuma, ambalo nimelifufua mara tatu wakati mafundi wengine walishasema litupwe. Dada yako aliniambia, hili friji siku hizi linanitekenya nikilishika. Na mimi, shemeji, nikafanya mzaha. Nikamwambia punguza sauti, majirani wasije wakasikia mke wangu anatekenywa na friji. Akanipiga na kitambaa cha vyombo begani. Tukacheka yakaisha.

Koleo akaja. Akachomoa vitu vyote kwenye ukuta, akainua swichi, ikakaa. Akachomeka kimoja kimoja, pasi, redio, birika. Ikakaa. Alipochomeka friji ikaanguka. Akasema friji linavujisha umeme, lichomolewe lisiguswe mpaka mota yake itazamwe, na nyumba haina waya wa ardhi unaofaa, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, atauleta wiki inayofuata. Swichi haina kosa, akasema, inafanya kazi iliyowekewa.

Mimi nikaona ananivunjia heshima kwenye jiko langu. Friji nililolifufua mimi. Nikamwambia, "Binti, mimi nimeshika nyaya kabla mama yako hajaolewa."

Akanijibu taratibu, wala hakukasirika. "Najua, mzee. Nyaya za betri. Hizo zinakusalimia kwanza. Hizi za nyumbani hazisalimii."

Nikamfukuza. Nimfiche nani, nilimfukuza, nikamwambia waya wake wa ardhi akaufunge kwao.

Wiki hiyo dada yako alikwenda kwa binti yetu siku mbili kusaidia mtoto aliyekuwa anaumwa. Nilibaki na ile swichi peke yangu, inaanguka, nainua, inaanguka. Ikanikosesha taarifa ya habari na mpira. Nikachukua bisibisi yangu ya kazini, nikazima umeme kwenye swichi kuu ya nje, nikafungua kile kisanduku, nikaunganisha nyaya zipite pembeni, zisiingie kabisa kwenye ile swichi. Nikaiacha imekaa pale imesimama kama pambo. Dakika kumi tu. Nikawasha redio, nikakaa, nikajisifu peke yangu kwenye chumba kitupu.

Aliporudi akaona umeme haukatiki tena, friji linafanya kazi. Akauliza kama Koleo alirudi. Nikamwambia Koleo wa nini, nimeitengeneza mimi. Akaniamini. Dada yako miaka arobaini na moja aliniamini katika kila kitu chenye waya.

Sasa hapa ndipo mkono unaponigomea, lakini naandika. Tarehe moja ya mwezi wa kwanza, mapema, alipanda kwenye kistuli kama kawaida yake akabonyeza kile kitufe. Mimi nilikuwa nakunywa chai. Redio haikukatika. Akabonyeza tena, nikasikia kidole chake kinavyogonga plastiki. Akageuka akaniuliza, "Mzee wangu, mbona haianguki?"

Nilijua kwa nini haianguki. Ningeweza kusema. Maneno mawili tu, nimeifunga njia, halafu angenigombeza, ningekasirika, tungenuniana mpaka jioni, na kesho yake Koleo angeitwa. Lakini kumwambia ni kukubali kwamba yule binti alijua kuliko mimi. Nikamwambia, "Imepona."

Akacheka. Akasema basi Mwoga amekuwa mwanamume. Akashuka kwenye kistuli, akaenda kwenye kalenda akaweka alama yake ya mwezi.

Alifariki siku kumi na moja baadaye, asubuhi, saa tatu na kitu. Alikuwa anapiga deki jikoni bila viatu, maji yamesambaa sakafuni. Mimi nilikuwa uani nanoa panga. Nilisikia ndoo ikianguka, nikamwita, hakuitika. Redio ilikuwa inaimba. Shemeji, hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo, redio iliendelea kuimba. Kama ile swichi ingekuwa kazini, redio ingenyamaza, na yeye angekuwa amekaa sakafuni ananitukana. Nilimkuta mkono umeshika mpini wa friji. Nikakimbia nikazima umeme wa nje, nikarudi, nikamlaza, nikamfuta maji usoni kwa shati langu. Nilimwita kwa jina lake la usichana, lile ambalo wewe na mimi tu ndio tuliokuwa tumebaki kulijua.

Kwenye kiganja alikuwa na alama ndogo ya kuungua, haizidi punje ya mahindi. Nilikifunga kile kiganja. Jirani mwenye gari alipokuja, na hospitali waliponiuliza alikuwa na ugonjwa gani, nikasema presha. Mke wangu ana presha, amedondoka jikoni. Waliandika nilichowaambia. Na wewe nilikupigia simu nikakuambia hivyohivyo, ukalia, ukaniuliza dawa zilifika lini, nikasema hazijafika. Nilijibu ulichouliza tu. Sikujua kwamba nimekutwika maiti mgongoni.

Kuna jingine na nitalisema kwa sababu nimeshafika huku. Mchana uleule, watu wamejaa uani, akina mama wanalia, mimi nilipanda kwenye kistuli chake nikafungua kisanduku na kurudisha nyaya jinsi zilivyokuwa, ili asione mtu. Mzee mmoja akapita akaniona na bisibisi, akawaambia wenzake, tazameni mwenzetu anavyojikaza, anahangaikia taa za wageni. Wakanisifu, shemeji. Nilipomaliza nikawasha tena umeme wa nje, nikainua swichi. Ikaanguka papo hapo. Friji lilikuwa bado limechomekwa. Nikainua tena, ikaanguka. Nikashuka nikalichomoa friji kwa mikono hii, nikarudi nikainua, ikakaa. Nilisimama pale juu ya kistuli siwezi kushuka. Wiki zote zile nilizokuwa naitukana, ilikuwa inaniambia jambo moja tu.

Koleo alikuja kutoa pole siku ya pili. Alikaa na akina mama, akanywa maji, akaja kuniaga. Akatazama juu kwenye kisanduku, akatazama kwa muda. Aliniambia tu kwa sauti ya chini, "Mzee, bisibisi yako ilikuwa kubwa kwa skrubu hizi." Nikajua amejua. Nilimfuata mpaka getini nikataka kumsihi, akanikatiza akasema yeye hana la kuwaambia watu, mwenye la kusema ni mimi. Tangu hapo amekuja mara mbili, amefunga waya wa ardhi, amebadilisha ile swichi niliyoikwaruza, friji amelipeleka kwa wanaonunua vyuma. Kila akija ananiamkia kwa adabu na anafanya kazi yake. Laiti angenitukana.

Miezi mitano nimenyamaza. Nilijiambia ukweli hautamfufua. Nilijiambia watoto wamebakiwa na mzazi mmoja, wasimpoteze na huyu. Maneno mazuri hayo, nilikuwa nayo mengi. Barua yako ndiyo iliyonimaliza. Nilimwona binti yetu akifuta machozi kwa ajili ya mjomba wake aliyejitwisha kosa la baba yake, na baba mwenyewe amekaa mezani anakunja karatasi.

Wewe nyumba yako mpya umeihamia juzi tu, kwa hiyo naomba unisikilize katika jambo hili moja, hata kama mengine yote yangu utayatupa. Kitafute kisanduku cha umeme leo. Tazama kama kina swichi yenye kitufe cha T. Kibonyeze. Ikianguka, mshukuru aliyeifunga, inua mwendelee, na ubonyeze tena kila mwezi. Isipoanguka, usiseme imepona, ita fundi. Kama haipo kabisa, ita fundi vilevile. Na ikianguka yenyewe usiitukane wala usiifunge njia. Chomoa kila kitu, inua, chomeka kimoja kimoja mpaka umjue mwenye kosa, na huyo mtoe nje. Mkeo akikuambia kitu kinamtekenya, usicheke. Mapacha wasishike chochote chenye waya na mikono yenye maji. Hayo si maarifa yangu, ni ya Koleo. Mimi ninayo ya malori tu.

Sikuombi unisamehe. Nilitaka kuliandika neno hilo, nimelifuta mara mbili, unaona hapo juu karatasi ilivyotoboka. Ninachotaka ni uondoke kwenye lile benchi la stesheni, urudi kazini, na mwaka ukigeuka uje nyumbani uwatazame watoto wa dada yako machoni, maana una haki hiyo. Kaburi lake nimelijengea, liko safi, wewe hujaliona. Ukija na hutaki kuniona, nitahamia kile chumba cha uani siku zote utakazokuwepo. Ukitaka kwenda polisi nenda, nitaeleza kila kitu mbele yao kama nilivyokieleza hapa, na sitakanusha mstari hata mmoja.

Barua hii nilikuwa niifunge bila mtu kuiona. Halafu leo baada ya chakula nimeona nitakuwa nimemwambia mjomba na kumficha mtoto, nikampa binti yetu aisome. Aliisoma amesimama, karatasi zote, kuanzia hiyo ya kwanza mpaka hapo kwenye polisi. Nilimwangalia midomo inavyosogea. Alipomaliza hakuniita baba wala hakuniita jina jingine lolote. Alizipanga karatasi, akanirudishia, akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kulala chini alie, kama alivyofanya siku ile ya msiba.

Ametoka amevaa viatu. Ameniambia, "Malizia. Naipeleka mimi, na leo nampigia simu mjomba kabla haijafika." Nikamwambia leo ni Jumapili, posta wamefunga, kesho nitaipeleka mwenyewe. Akasema kuna sanduku la barua nje ya posta, na kwamba hiyo kesho yangu haitaki.

Kwa hiyo simu umeshaipata, na huenda haya yote unayasoma ukiwa unayajua. Yasome tu. Ni mwandiko wangu.

Nisalimie mkeo, umwambie kwamba nilichosema siku ile ya simu ya msiba hakikuwa kweli, kosa lilikuwa langu. Nisalimie mapacha, uwabusu kwa niaba ya shangazi yao ambaye hawakuwahi kumwona. Binti yetu hajanituma salamu zake, lakini nimezisikia katika alivyolitamka neno mjomba. Mungu akuondolee mzigo ambao haukuwa wako, akupe usingizi wa mchana na wa usiku, na nyumba yako aizungushie ulinzi.

Naishia hapa kwa sababu amesimama mlangoni, mkono ameunyoosha.

Nikupendaye, kama bado naruhusiwa,

Mume wa dada yako.